Kahawa ya Asubuhi na Finjani ya Jioni: Namna ya Kupanga Kahawa Yako Mombasa

Mkaazi wa Mombasa anayekunywa kahawa kila siku ana njia tatu za kuipata, ingawa mashauri mengi kuhusu matumizi ya fedha hutaja mbili tu. Upo mkahawa wenye mashine ya espreso, uwe Nyali, Bamburi au katikati ya mji, unaokupa kahawa ya kuondoka nayo katika kikombe cha karatasi chenye kifuniko. Lipo jiko la nyumbani kwako. Na yupo muuza kahawa mwenye dele, yaani birika la kahawa, la shaba juu ya mkaa, ambaye amekuwa akiwauzia watu wa mji huu kahawa ya moto muda mrefu kabla ya mashine hizo kufika. Anayelinganisha mkahawa na nyumbani peke yake, kisha akaamua kuacha kununua kabisa, mara nyingi hurudi kununua kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu hakujiuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akikilipia.

Rai yangu ni kwamba kahawa ya asubuhi ipikwe nyumbani, ya jioni inunuliwe kwa muuza dele, na mkahawa uwekewe siku ambazo mtu anahitaji meza, kiti na utulivu wa kuzungumza na mwenzake. Kikombe cha karatasi kinachonunuliwa mbiombio na kunywewa ndani ya matatu ndicho chenye hasara kubwa kuliko vyote: unalipia kodi ya jengo ambalo hukuketi ndani yake.

Hesabu kabla ya kununua chombo chochote

Chukua kalamu uandike ulichotumia wiki iliyopita, kisha ukizidishe kwa nne. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kikombe kimoja cha late, yaani espreso iliyotiwa maziwa mengi, unakinunua kwa shilingi 300 na unakinunua siku 5 kwa wiki; kwa wiki 4 umetumia shilingi 6,000. Tuseme tena kwamba paketi ya kahawa ya gramu 250 unaipata kwa shilingi 700. Kikombe cha kawaida chenye mililita 250 za maji kinahitaji takriban gramu 15 za kahawa, kwa hiyo paketi hiyo inatoa vikombe 16, na kila kimoja kinakugharimu chini kidogo ya shilingi 44. Ukiongeza maziwa, sukari na gesi, hata ukikadiria kwa ukarimu ukafika shilingi 70, vikombe 20 vya mwezi vitakuwa shilingi 1,400. Badilisha bei hizi kwa zile unazolipa wewe, kwani maduka hayafanani, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo.

Yafaa kufahamu kwamba kahawa yenyewe ni sehemu ndogo ya bei ya mkahawani. Espreso mbili zinazotiwa ndani ya late hutumia takriban gramu 18 za kahawa, kiasi ambacho hakipishani sana na chako cha nyumbani. Kinachobaki ni kodi, umeme, mashine, maziwa na mshahara wa anayekupikia. Kwa hiyo mwenye mkahawa hakudhulumu. Ila ukiwa huketi, hutumii intaneti yake wala hukutani na mtu, vingi kati ya vitu hivyo unavilipia bila kuvipata.

Hesabu hii huharibika pale mtu anaponunua paketi ya kahawa, mashine na vikombe vipya, kisha akaendelea kupitia mkahawani kama kawaida. Usianze na mashine. Anza na wiki moja ya kupika kwa vyombo vilivyomo jikoni mwako, yaani sufuria, birika na kichujio cha chai chenye matundu madogo, na ukiona tabia imeshika ndipo ununue birika la glasi lenye kibonyezo, ambalo kwa kahawa ya watu wawili linatosha kwa miaka.

Kununua kahawa katika mji wenye unyevu

Kenya hulima zaidi kahawa ya arabika, na hadithi yake haikuanzia mbali na Pwani: wamisionari Wafaransa walipanda miche Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, kabla ya zao hilo kuenea katika nyanda za juu za katikati ya nchi. Arabika ina kafeini karibu nusu ya ile ya robusta, na uchachu wake wa matunda ndio unaoipa sifa kahawa ya Kenya katika masoko ya ng’ambo. Robusta, inayolimwa kwa wingi Uganda na Kagera, ni nzito na chungu zaidi. Kwa kahawa ya asubuhi isiyo na viungo chagua arabika iliyokaangwa kiasi. Kwa kahawa chungu ya tangawizi, ile iliyokaangwa hadi ikaiva sana, hata yenye mchanganyiko wa robusta, haina ubaya wowote, na kwangu mimi ni bora.

Alama zilizoandikwa kwenye paketi zisikutishe. AA maana yake ni punje kubwa, zile ambazo hazikupita katika chekeche chenye matundu ya takriban milimita 7, AB ni zinazofuata kwa ukubwa, na PB ni punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa pacha. Ukubwa wa punje hauhakikishi ladha, na AB iliyokaangwa majuzi huishinda AA iliyokaa rafuni tangu mwaka uliopita. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kukaangwa kabla ya kutafuta herufi, na usipoiona tarehe, nunua paketi ndogo kabisa uijaribu kwanza.

Hewa ya Mombasa ni adui wa kahawa kuliko hewa ya bara. Unyevu wa bahari huingia katika unga uliofunguliwa, na joto huharakisha kupotea kwa harufu, kiasi kwamba paketi iliyofungwa kwa klipu ya nguo na kuwekwa juu ya friji hupoteza ladha yake upesi. Nunua kahawa ya kutosha wiki mbili tu. Iweke katika mkebe usiopitisha hewa, ndani ya kabati lililo mbali na jiko, na usiitie katika friji ya kila siku, kwa sababu kila unapoutoa mkebe baridi na kuufungua katika joto letu matone ya maji hujikusanya juu ya unga. Ukiweza kununua punje nzima na kuzisaga wakati wa kupika, fanya hivyo. Kama huna mashine ya kusagia, kinu kidogo cha viungo kinafaa, ilimradi usiwe umetoka kutwanga vitunguu saumu ndani yake.

Kahawa ya unga unaoyeyuka, ile ya vipaketi, ni rahisi na inakubaliana vizuri na maziwa mengi na sukari. Ukiipenda hivyo, ukiendelea nayo hujakosea. Nyeusi, hata hivyo, haina cha kukuonyesha.

Maji kwanza, kahawa baadaye

Kikombe cha kahawa nyeusi karibu chote ni maji, na katika mji huu maji si kitu cha kudhani. Yale ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, na yale ya Baricho kwenye mto Sabaki yanafaa yakichemshwa, lakini nyumba nyingi hutegemea visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chumvi na chokaa. Chumvi huifanya kahawa iliyokaangwa kiasi iwe na ladha ya kuchusha ambayo hakuna sukari inayoweza kuifunika, na chokaa huubana uchachu mzuri ukabaki utupu. Onja maji peke yake kabla ya kupika: usichoweza kukinywa kitupu usikipikie kahawa. Wanaonunua maji kwa jerikeni kutoka kwa wenye mikokoteni wafanye jaribio hilo kila mara wanapobadilisha muuzaji, na wenye maji ya kisima peke yake waweke pembeni chupa ya lita 5 ya maji ya dukani kwa ajili ya kahawa na chai tu. Birika likijenga tabaka jeupe ndani, lichemshie maji yenye siki au ndimu kisha ulisuuze mara mbili.

Jambo jingine linalowahusu watu wa Pwani ni joto la maji. Kahawa iliyosagwa hutoa ladha yake vizuri katika maji ya nyuzijoto 90 hadi 96. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo mtu wa huko anaweza kumimina moja kwa moja kutoka jikoni. Sisi tulio usawa wa bahari maji yetu huchemka kwa nyuzi 100 kamili, na yakimiminwa yakiwa yanatokota huitoa kahawa ya arabika ukali usiopendeza. Zima moto, funua birika, ungoje nusu dakika hadi dakika nzima, ndipo umimine. Mapishi yaliyoandikwa na watu wa bara mara nyingi hayalitaji jambo hili kwa kuwa kwao halina haja.

Kupika kahawa ya asubuhi

Kwa watu wawili pima gramu 30 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chumvi ya mawe iliyopondwa, na maji nusu lita. Kama huna mizani, vijiko vikubwa 5 au 6 visivyojaa sana vitakufikisha karibu na hapo, ingawa mizani ndogo ya jikoni ndiyo ununuzi wa kwanza ninaoupendekeza, mbele ya birika na mbele ya kisagio. Suuza birika lenye kibonyezo kwa maji ya moto, tia kahawa, mimina maji kidogo ya kuilowesha yote, ngoja nusu dakika mpaka povu litulie, kisha jaza maji yaliyobaki. Koroga mara moja, funika, na baada ya dakika 4 bonyeza taratibu. Mimina yote papo hapo, kwani kahawa inayobaki juu ya mashapo huendelea kuwa chungu.

Bila birika hilo, tumia sufuria kwa vipimo vile vile: tia kahawa katika maji yaliyokwisha kutolewa motoni, funika dakika 4, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine wala hakioshwi kwa sabuni yenye manukato. Kahawa ikiwa kali mno, punguza gramu kabla ya kupunguza dakika; ikiwa na uchachu wa kukera, saga laini zaidi; ikiwa chungu hata kwa sukari, saga kwa ukubwa zaidi au punguza joto la maji. Badilisha jambo moja tu kila siku, ama sivyo hutajua lililosaidia.

Kahawa isiyopita katika karatasi ya kuchujia hubaki na mafuta yanayoweza kuongeza lehemu (kolesteroli) katika damu. Aliyeambiwa na daktari aiangalie lehemu yake atumie karatasi, ambayo huyanasa mafuta hayo kwa sehemu kubwa.

Kwa safari ya kazini, hasa kwa wanaovuka feri ya Likoni wakiwa na mikono miwili tu, chupa ya chai ndogo yenye kifuniko cha kubana ni bora kuliko kikombe chochote. Ijaze maji ya moto dakika tano kabla, yamwage, ndipo utie kahawa iliyochujwa. Itakuwa nzuri kwa saa mbili hivi. Baada ya hapo huwa moto bado lakini ladha imeshageuka. Maziwa yachukue katika chombo kingine, kwa sababu kahawa ya maziwa iliyofungiwa joto huharibika na kuacha harufu katika mpira wa kifuniko.

Msimu wa kaskazi, joto linapozidi, wengi huhamia kahawa baridi ya mkahawani ambayo bei yake hupanda kwa ajili ya barafu. Loweka gramu 100 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa katika mililita 800 za maji, ndani ya friji na si juu ya meza, usiku kucha kwa saa 12 hadi 16. Ichuje, na unapokunywa changanya sehemu moja ya kahawa hiyo na sehemu moja ya maji au maziwa.

Kahawa chungu ya nyumbani

Hii ni sanaa nyingine kabisa, na kanuni za hapo juu hazihusiki nayo. Hapa kahawa huchemshwa kweli kweli, na viungo vikali husitiri mengi, pamoja na maji yasiyo matamu sana. Anayetaka kuanza na buni azipate mbichi, azikaange katika kikaango kizito kwa moto wa wastani huku akikoroga bila kupumzika kwa mwiko. Punje zitatoka kijani hadi manjano, kisha hudhurungi, na zitapasuka kwa mlio kama bisi. Kwa kahawa chungu endelea mpaka ziwe nyeusi na kuanza kung’aa mafuta, kisha zimwage kwenye sinia upesi zipoe, kwani zikiachwa ndani ya kikaango huendelea kuungua. Zitapungua uzito kwa karibu moja ya tano. Moshi ni mwingi, na wakaazi wa magorofa wafungue madirisha na kuwaarifu majirani.

Twanga kahawa, usiifanye unga laini kabisa. Kwa lita moja ya maji chemsha kwanza kipande cha tangawizi kavu kilichopondwa, cha ukubwa wa kidole gumba, kwa dakika tano, kwa sababu tangawizi huchelewa kutoa ukali wake. Tia gramu 50 za kahawa, punguza moto, uache ichemke polepole kwa dakika kumi huku ukiangalia povu lisimwagike. Iliki, punje tano au sita zilizopondwa, zitiwe mwishoni kabisa, maana zikichemshwa muda mrefu harufu yake huondoka na mvuke. Epua, acha dakika tano mashapo yatue, kisha mimina bila kutikisa. Tangawizi na iliki za maduka ya viungo ya Marikiti ni za harufu kali kuliko zile za unga zilizokaa kwenye vichupa, na ukizinusa kabla ya kulipa hakuna atakayekushangaa. Sukari haitiwi, utamu unatoka kwenye tende, halwa au kashata inayoandamana na finjani.

Muuza dele

Hata ukiipika vizuri namna hiyo, ya nyumbani haitafanana na ya muuza kahawa. Dele lake halipoi kabisa jioni nzima, mkaa chini yake humpa moto mdogo wa kudumu, na kahawa iliyokaa humo hukolea kwa namna ambayo jiko la gesi haliwezi kuiga. Zaidi ya hayo, bei ya finjani hulipwa kwa sarafu, na pamoja nayo unapata baraza: habari za mtaa, mpira, na siasa. Kwa hiyo sioni sababu ya kuhesabu akiba hapa. Anayejinyima finjani ya jioni huko Mji wa Kale ili aongeze akiba amepunguza mahali pasipostahili.

Yapo ya kuangalia hata hivyo. Tazama maji ya kuoshea vikombe kabla ya kuagiza. Muuzaji mzuri huyabadilisha mara kwa mara au husuuza finjani kwa kahawa ya moto kutoka kwenye dele lenyewe, na ukiona maji yamekuwa ya kijivu, hasa wakati wa masika, chukua finjani yako kutoka nyumbani. Mwambie, “Ami, nitilie humu,” na hatakasirika. Rudisha kikombe chake mkononi mwake badala ya kukiacha chini, na ukikuta watu wazima wamekutangulia, wapishe wahudumiwe. Ukimwahi mapema kabla dele halijapungua, unaweza kumwomba akujazie chupa ya chai kwa ajili ya wageni nyumbani.

Kiasi, usingizi na mwezi wa Ramadhani

Kikombe cha kahawa ya kuchuja kina takriban miligramu 95 za kafeini. Mtu mzima mwenye afya hushauriwa asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito asipite 200. Mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini iliyoingia, kwa hiyo finjani mbili za saa tatu za usiku bado zinafanya kazi saa nane za usiku. Mwenye usingizi mwepesi na aende kwa muuza dele mara baada ya magharibi.

Kwa wanaofunga, maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo wa Ramadhani mara nyingi hutokana na kukosa kafeini kuliko njaa, nayo huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Njia ya kuyaepuka ni kupunguza mapema. Katika wiki mbili za mwisho za Shaaban ondoa kwanza kikombe cha mchana, kisha ushushe cha asubuhi kutoka gramu 15 za kahawa hadi 10, na hatimaye 5, ukikipunguzia maji kwa kadiri hiyo hiyo. Mwezi ukiandama, kunywa finjani moja baada ya kufuturu na maji ya kutosha, na wakati wa daku uache kahawa, kwa kuwa itakunyima usingizi mfupi uliobaki kabla ya kwenda kazini.